Chachu ya Mjomba Lenzi

"Nileteeni maji yoyote! Ya bomba, ya kisima, ya mvua, hata machozi ya mama mkwe, kama kuna mwanamume hapa anayeweza kumliza! Nisipowaonyesha kiumbe hai ndani yake, nivueni koti hili mlichome moto mbele ya watoto wenu!"

Hayo aliyasema mjomba wangu kwa kipaza sauti, amesimama juu ya boneti ya gari, mbele ya shule nzima na wazazi wake. Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Koti lenyewe zamani lilikuwa jeupe. Sasa lilikuwa na matundu mengi ya asidi, hata moto ungekosa pa kushika. Halikuwahi kuchomwa. Kwa miaka mitano, shule baada ya shule, kila maji aliyoletewa yalikutwa na viumbe.

Cheka sasa, maana huko mbele nafasi ni finyu.

Jina alilopewa na wazazi wake hata mkewe alikuwa halitumii. Watu wote walimwita Lenzi, na jina hilo alilipata kwa kipigo. Alipokuwa kidato cha pili, shule yao ilikuwa na hadubini moja tu, ile mashine ya kukuzia vidudu, na ilikaa kabatini kama bibi harusi, haiguswi na haitolewi. Siku aliyoigusa akaishusha kupita kiasi, ikagonga kioo, lenzi ikapasuka. Mwalimu wa baiolojia akamlaza kifudifudi juu ya meza ya maabara, akachomoa mpira wa gesi, akamchapa nao mpaka suruali ikashikana na ngozi.

"Umevunja nini?"

"Lenzi!"

"Sijasikia!"

"Lenzi, mwalimu!"

Darasa zima likaitikia kama kwaya. Mama yangu, ambaye ni dada yake mkubwa, ndiye aliyeibandua suruali ile kwa maji ya chumvi. Anasema kaka yake hakulia. Alichosema ni: "Dada, kabla haijapasuka niliweka mate yangu. Yana vitu. Vinatembea."

Tangu hapo hadubini ikawa ndiyo mji wake, hakuwa na mwingine. Mtihani wa kidato cha nne ulimtupa nje, lakini aliingia chuoni kwa mlango wa nyuma, akawa mhudumu wa maabara. Miaka kumi na tisa aliosha vyombo vya vioo na kuchanganya asidi za wenzake. Wafadhili walipoleta fedha za kupeleka sayansi mashuleni na kwa jamii zinazozunguka shule, maprofesa wote wakakumbuka kwamba wana migongo inayouma. Gari likapewa dereva, dereva akapewa Lenzi, na mimi, niliyekuwa nimeacha stashahada yangu katikati kama mtu anayeacha uji wa moto, nikapewa kushika projekta.

Kila wiki ilikuwa shule moja. Asubuhi tulikuwa na wanafunzi, mchana wazazi na majirani. Na mjomba hakuwa mtu wa kufundisha taratibu. Alijaza maputo gesi ya haidrojeni akayawasha kwa njiti ndefu, yakalipuka hadi walimu wakalala chini. Nyusi zake ziliungua mara mbili, za dereva mara moja. Siku moja tulimkuta mwalimu anamcharaza binti kwa kosa la kugusa hadubini yetu. Mjomba alimnyang'anya fimbo, akamtandika mwalimu yule mbili za mgongo mbele ya gwaride, akairudisha kwa mikono miwili kwa heshima zote. "Shika, mwalimu. Nimeipima. Inauma."

Mradi ulikaribia kufutwa siku ile. Aliyeuokoa ni mratibu wetu, mama mmoja mwenye miwani kifuani na miwani kichwani, ambaye tulimwita Bibi Ripoti. Aliandika: "Majadiliano ya kina yalifanyika kuhusu adhabu shuleni."

Huyo Bibi Ripoti ndiye aliyezaa chachu, ingawa hajui. Mwaka wa kwanza mjomba alikuwa mkweli. Alichukua tone la maji ya kunywa, akaliweka chini ya hadubini yenye kamera, projekta ikatupa picha ukutani, na ukutani hapakuwa na kitu. Maji ya kunywa mara nyingi ndivyo yalivyo. Hata yale mabaya, vidudu vyake ni vidogo mno kwa hadubini ya kwenye gari. Watoto walipiga miayo. Wazazi walitoka kwenda kuchungulia simu. Na fomu ya wafadhili ilikuwa na kisanduku kinachouliza: idadi ya walioshangazwa.

"Lenzi," Bibi Ripoti alimwambia, "umeniandikia sifuri. Hivi mimi nikapeleke sifuri?"

Wiki iliyofuata mjomba akaloweka majani makavu ndani ya chupa ya maji ya bwawa, akaificha chini ya kitanda. Mkaza mjomba alilalamika siku saba kwamba chumba kinanuka kama ng'ombe aliyefia ndani. Siku ya nane maji yale yalikuwa yamejaa viumbe, wanateleza na kuzunguka kama ndala zilizoota nywele. Hawana madhara kwa mtu. Akawatia kwenye kichupa cha dawa ya macho, akakiita chachu. Kuanzia hapo, kila maji aliyoletewa yalidondoshewa tone moja la chachu palepale kwenye kioo cha hadubini, si chupani, kwa kidole gumba, haraka, huku mdomo ukiendelea kupiga porojo. Mimi niliona. Dereva aliona. Tulikaa kimya, maana walioshangazwa walipanda hadi mia tatu kwa siku.

Mwaka wa sita tulifika kwenye shule moja iliyobanwa kati ya mtaa wa mafundi na barabara ya malori. Bomba la mtaa ule lilikuwa limekauka miaka miwili. Maji yalitoka kwenye kisima kimoja cha mashine, na mwenye kisima alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya furaha, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, ambaye kila mtu alimwita Madumu kwa sababu ya madumu ya njano yaliyopangwa mbele ya kibanda chake.

Mwalimu mkuu alitupokea ofisini, akafunga mlango.

"Mmekuja tukiwa na msiba," alisema. "Mwezi huu tumezika watoto watatu. Kuhara tu. Wa mwisho alikuwa mwanafunzi wangu wa darasa la tatu, binti wa fundi wa kuchomelea hapo ng'ambo. Amezikwa Jumamosi."

"Pole sana, mwalimu," mjomba akasema. "Basi somo la leo ndilo lenyewe."

Tulipotoka nje nilimvuta koti. "Mjomba, leo chachu tuiache garini."

"Kwa nini?"

"Watu wamefiwa."

"Ndiyo maana waone, mpwa wangu. Nikiwaonyesha ukuta mtupu, kuna atakayekwenda kuchemsha maji? Watakwenda kulala."

Alikuwa na hoja. Nikabeba projekta.

Mchana ukumbi wa kulia chakula ulijaa. Tulikuwa tumeziba madirisha kwa maboksi ili picha ionekane. Madumu alikaa mstari wa mbele, miguu mbele, kama mwenye harusi. Mjomba akaomba maji, kama kawaida yake: maji yenu wenyewe, msije mkasema nimekuja nayo. Akainuka mwanamume mwembamba, mikono imejaa alama za cheche, mkewe kando yake amejifunga kitambaa cheusi kichwani. Ndiye fundi wa kuchomelea. Alikuwa na chupa imejaa.

"Ahsante, ndugu yangu. Yametoka wapi haya?"

"Kwa Madumu. Leo asubuhi."

Madumu akapaza sauti: "Ukikuta samaki, huyo ni wangu, nirudishie!"

Ukumbi ukacheka. Kidole gumba cha mjomba kikafanya kazi yake. Akateremsha lenzi, nikawasha projekta, na ukuta ukajaa. Walikuwa wengi kuliko siku zote. Joto la garini lilikuwa limewastawisha. Wakubwa kama mikate, wanagongana, wanapinduka.

Kwa kawaida hapo ndipo kelele zinapoanza. Safari hii palikuwa kimya, ukasikia jenereta nje. Kisha mke wa fundi akauliza, taratibu kabisa, kama mtu anayeuliza njia:

"Hao ndio waliomla mwanangu?"

Mjomba alikuwa na jibu moja la swali lolote katika kipande hicho cha somo. Alikuwa amelisema mara mia tatu, na lilitoka lenyewe kabla hajafikiri.

"Hao ndio mnaowanywa kila siku, mama."

Fundi hakupiga kelele. Alichukua benchi, akalizungusha, likampata Madumu sikioni. Nilisikia ule mlio kabla sijaelewa nimeona nini. Madumu akaanguka huku bado anatabasamu, maana uso haukuwahi kupata habari. Halafu watu wakamwangukia. Mama mmoja alimpiga usoni kwa kisigino cha kiatu, mara nyingi, akihesabu majina matatu ya watoto. Wakamkamata mguu mmoja wakamburuta kati ya mabenchi, kichwa kikigonga kila kizingiti, hadi uwanjani kwenye jua.

"Jamani! Jamani, nisikilizeni!" mwalimu mkuu akapiga kengele ya shule. Alipigwa kibao kimoja, miwani ikaruka, akakaa chini na kengele yake.

Nje kijana mmoja alileta tofali la saruji. Akalinyanyua juu ya kichwa, akaliachia kwenye muundi wa Madumu. Mfupa ulilia kama ubao wa kitanda. Wengine walileta dumu la maji kutoka kibandani kwake, wakamkalia kifuani, wakamtia mdomo wa dumu kinywani.

"Kunywa! Kunywa na wewe!"

"Mbona hunywi? Si maji yako?"

Maji yakamtoka puani yakiwa mekundu. Miguu, ule mzima na ule uliovunjika, ilipiga ardhi yote miwili.

Dereva alikuwa ameshawasha gari. Alitubeba mimi na mjomba kama mizigo, akatusukuma ndani. Ndipo tukaona mtu anatoka nyuma ya gari letu na dumu la petroli ya jenereta. Petroli yetu, iliyonunuliwa na mradi, yenye stika ya wafadhili ubavuni.

"Mzee, tunaondoka," dereva akasema. "Wakimaliza na yule watauliza nani wengine wapo."

Mjomba alikaa kiti cha mbele, mikono juu ya magoti. Kichupa cha chachu kilikuwa bado kimebanwa kiganjani. Gari likasogea hatua tatu.

"Simamisha."

"Mzee, una akili kweli?"

"Nimesema simamisha! Mtu anakufa kwa majani niliyoyaloweka mimi!"

Akaruka kabla gari halijasimama. Nyuma ya gari tulikuwa tumefunga puto la haidrojeni, kubwa kama ndama, la kufungia onyesho. Alilikata, akakimbia nalo hadi upande unakotoka upepo, mbali na petroli, maana hata akiwa amechanganyikiwa mtu yule alijua kazi yake. Akaliwasha kwa kiberiti, bila njiti ndefu.

Mlipuko ule uliangusha kioo cha ofisi. Umati mzima ukainama. Mjomba akabaki amesimama, nywele za mbele zinatoa moshi, mkono wa kushoto umekuwa mweusi hadi kiwiko.

"Wale wadudu ni wangu!" alipiga kelele. "Nimewatia mimi! Maji ya Madumu hayana kitu!"

"Muongo! Amehongwa!"

"Njoo uone mwenyewe. Fundi, njoo. Wewe uje."

Tulikuwa na hadubini ya pili, ya chuma, nzito, ya kioo kinachokusanya mwanga wa jua. Alinifokea niilete na meza. Nilileta, pamoja na ile chupa ya fundi iliyobaki ukumbini. Fundi akaja, ana damu isiyo yake shingoni. Mjomba akaosha kioo kwa maji, akakifuta kwa shati, akadondosha tone kutoka ile chupa ya fundi mwenyewe.

"Angalia."

Fundi aliinama. Mtu yule amezoea kutazama moto kwa kupitia kioo kidogo; alijua kutulia.

"Sioni kitu."

"Zungusha hapo. Tafuta vizuri."

"Hakuna kitu."

"Sasa angalia tena." Mjomba akadondosha tone la chachu pale pale.

Fundi alitazama muda mrefu. Nyuma yake watu waliokuwa wamemkalia Madumu walikuwa wameinuka mmoja mmoja. Mwenye petroli aliiweka chini. Madumu alijigeuza kiubavu, akatapika maji, akavuta pumzi kwa sauti mbaya kama msumeno.

"Kwa nini?" fundi akauliza, jicho bado liko kwenye lenzi.

"Ili mshangae," mjomba akasema.

 Fundi akanyanyua kichwa, akaikamata hadubini shingoni, akampiga nayo mjomba mdomoni. Kitako cha chuma. Meno matano yalitoka kwa pigo moja. Mjomba akaanguka akainua mkono wa kulia, pigo la pili likatua kwenye vidole. La tatu likatua kwenye mtulinga, mfupa wa bega. Wengine wakaingia kwa mateke, na mimi nikalala juu ya kichwa chake, nikala mateke yangu ambayo hadi leo yananikumbusha hali ya hewa. Aliyewasimamisha ni mke wa fundi. Hakumtetea mtu. Alikaa chini kwenye petroli na maji na damu, akaanza kulia kwa sauti, na wanaume hawakujua wafanye nini na mikono yao.

Gari la sayansi ndilo lililowabeba hospitali. Tuliwalaza kwenye sakafu, kati ya masanduku, bega kwa bega, maana hapakuwa na nafasi ya kuwatenganisha.

"Ni nani huyu?" Madumu akauliza. Macho yake yote mawili yalikuwa yamevimba yakafunga.

"Mwenye wadudu," dereva akasema.

Madumu akageuza kichwa upande wa mjomba. Halafu akasema, "Nisogezee nimpige."

"Utampiga na nini, mzee? Huna mkono unaonyanyuka."

"Nitamtemea, basi."

Akamtemea. Mjomba hakujifuta. Naye hakuwa na mkono unaonyanyuka.

Mradi ulifungwa mwezi ule. Bibi Ripoti alituma taarifa ya mwisho, na kwenye sehemu ya ushiriki wa jamii aliandika "mkubwa sana". Chuo kilimwachisha mjomba kazi kwa barua ya mistari minne. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki. Anaongea kwa mluzi, na mkaza mjomba anasema bora hivyo, sasa anasikika akiwa anakuja. Fundi alilala rumande siku mbili tu. Polisi walipokwenda hospitali, Madumu alikataa kuandikisha shitaka. "Ametoka kuzika," alisema, akageukia ukutani.

Ile chupa ya fundi nilikuwa nimeiokota. Mjomba aliipeleka kwa rafiki yake wa zamani wa maabara ya kweli, ile inayootesha vidudu kwenye visahani kwa siku kadhaa. Majibu yakaja kwa karatasi yenye muhuri: maji ni salama. Karatasi haikusema ni nini kilichowaua watoto watatu, na hakuna aliyeuliza tena.

Miezi mitatu baadaye mjomba aliikunja karatasi ile, akavaa shati safi, akaniambia nimsindikize. Nilimwambia watamuua. Akasema watamuua akiwa na shati safi.

Kibandani palikuwa na foleni. Madumu alikaa kwenye kiti, magongo mawili kando, amepungua nusu. Watu walimwona mjomba wakavuta madumu yao karibu. Mke wa fundi alikuwa wa tatu kwenye foleni, dumu lake tupu mkononi. Mjomba akanyoosha karatasi.

"Nimekuletea majibu, mzee mwenzangu. Maji yako ni mazima. Kuna muhuri."

Madumu akaisoma yote, hadi namba ya simu ya chini.

"Karatasi hii ungeileta kabla ya tofali."

"Ndiyo."

"Sasa niifanyie nini?"

"Ibandike. Watu waisome."

"Watu hawa?" Madumu akawatazama wateja wake mmoja mmoja, na kila aliyetazamwa aliangalia dumu lake. "Hawa hawajawahi kuacha kuja. Hata wiki ile nimelala hospitali walikuja, wakanunua kwa mke wangu. Watakwenda wapi?"

  Mjomba akapiga goti moja, vizuri kabisa, kwenye matope ya kibanda.

"Inuka, unaziba foleni," Madumu akasema. "Unanunua au hununui?"

Mjomba hakuwa na chombo. Mke wa fundi akamtazama, akamtazama Madumu, kisha akamkabidhi mjomba dumu lake, akabaki amesimama mikono mitupu akisubiri lirudi. Madumu akafungua mpira, maji yakaingia.

Dumu la lita ishirini ni shilingi mia mbili, na mjomba akalipa.